Shemeji Yako Anatengeneza Filamu ya Njiwa

Mwezi huu nilikuwa nimepanga tuongee kuhusu wakwe wanaokuja kusalimia wakasahau kuondoka, lakini hao itabidi wasubiri. Kuna barua pepe imenikaa kichwani wiki mbili sasa. Kila niliyemsomea hapa ofisini alicheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Mbona kama wa kwangu."

Ameniandikia dada mmoja wa hapa Dar es Salaam, mhasibu, yuko kwenye ndoa mwaka wa nne. Nimeifupisha, na nimemwomba ruhusa:

"Dada Mhariri, pole na kazi. Shemeji yako anatengeneza filamu. Si ya mapenzi wala ya ngumi, ni ya njiwa. Alifuga njiwa utotoni kwao Tanga, mwaka jana akakutana na kijiwe cha wafuga njiwa huko Temeke, na tangu hapo Jumapili zangu zimekwisha. Anaondoka asubuhi na kamera, anarudi usiku ananuka banda. Kamera yenyewe kanunua kwa hela tuliyokuwa tunaweka ya bati za nyumba yetu Chanika, na kaniambia baada ya kununua. Usiku mpaka saa nane yuko kwenye kompyuta anakata vipande. Nikimuuliza inaisha lini, ananijibu filamu haiendeshwi kama daladala. Dada, angekuwa na mwanamke ningejua pa kuanzia. Kwa njiwa naanzia wapi?"

Cheka kidogo, halafu turudi kwenye ishu.

Maana ishu ipo, na si ya nyumba moja. Siku hizi mtu mwenye simu nzuri tu ana kamera ambayo zamani ungeomba kibali cha bosi wa televisheni kuigusa. Matokeo yake karibu kila ofisi ina mtu anayetengeneza dokumentari, yaani filamu ya makala, kuhusu kitu anachokipenda yeye na wenzake wachache: wacheza drafti wa kijiweni, wenye Vespa za zamani kule Zanzibar, watu wa singeli, wabeba vyuma vya saruji, wakusanyaji wa santuri za muziki wa dansi. Na si wanaume peke yao. Rafiki yangu mmoja ana mwaka wa pili anawafuata bibi zetu wa kikundi cha lelemama, na mumewe amejifunza kupika ndizi kwa lazima. Hakuna aliyewatuma, hakuna anayewalipa. Wenyewe wanaita "projekti yangu". Nyumbani inaitwa majina mengine.

Nianze kwa kumtetea shemeji, halafu nitamgeukia.

Tarehe 31 Mei 1986, vijana wawili wa Marekani, John Heyn na Jeff Krulik, walibeba vifaa vya kuazima kutoka studio ya televisheni ya jamii, wakaenda kwenye maegesho ya magari nje ya ukumbi wa Capital Centre, Landover, jimbo la Maryland. Jioni ile ndani ya ukumbi bendi ya Judas Priest ilikuwa na shoo. Filamu yao haina habari na jukwaa. Inawaonyesha mashabiki waliowahi kufika: wanakunywa bia kando ya magari, wanapiga mayowe, wanajitapa, wanabusiana, wanamtaja mwimbaji wanayempenda kama wanavyomtaja mtume. Basi. Dakika 17 hivi, imekwisha. Haikuwa na msambazaji wala bango. Watu walirudufu kanda ya VHS, wakapeana mkono kwa mkono kwa miaka, na Heavy Metal Parking Lot ikawa moja ya filamu fupi za mashabiki zinazojulikana zaidi duniani. Ukiiangalia leo unaona nywele, unaona suruali, unasikia vijana wa mwaka ule walivyokuwa wanaongea pale ambapo hakuna mzazi anayesikiliza. Televisheni kubwa ingetuma mtu kurekodi muziki. Nani angemtuma mtu kurekodi maegesho?

Au mchukue Malik Bendjelloul wa Sweden, aliyetengeneza Searching for Sugar Man, kuhusu mashabiki wa Afrika Kusini waliokuwa wanamtafuta mwanamuziki wa Marekani, Rodriguez, ambaye kwa miaka mingi walidhani amekufa. Alikuwa anarekodi kwa filamu ya Super 8, ile ya kizamani ya kuzungushwa kwenye gurudumu, hela ikamwishia. Vipande vilivyobaki akavimalizia kwa simu, kwa programu iliyouzwa chini ya dola 2 inayofanya picha ionekane ya zamani. Filamu ilitoka 2012, na mwaka 2013 ikachukua Oscar.

Huku kwetu pia wapo. Michael Wanguhu, Mkenya aliyehamia Marekani, alitoa Hip Hop Colony mwaka 2006, kuhusu jinsi vijana wa Kenya walivyoichukua hip hop wakaifanya yao, na leo ukitaka kuwaona watu wale katika umri ule na studio zile, ndiyo kumbukumbu unayokimbilia. Mwaka huohuo Mwingereza, Andy Jones, alitoa As Old As My Tongue, kuhusu Bi Kidude wa Zanzibar. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Sauti tunayo kwenye rekodi, lakini jinsi alivyokuwa anakaa kibarazani, anavyovuta sigara yake na kumjibu mtu anayemuuliza umri, hayo yapo kwa sababu kuna mtu aliona yanafaa kurekodiwa. (Naomba mtu aniambie kwa nini mtu huyo ilibidi apande ndege kuja. Sisi tulikuwa hapahapa.)

Kwa hiyo dada yangu, njiwa si upuuzi. Kama kuna wanaume Temeke wanaojua njiwa wa jirani kwa mlio wake, na wana sheria zao za nani mwenye haki njiwa wa mtu akitua kwenye banda lako, hiyo ni dunia nzima, na siku wazee wale wakiondoka inaondoka nao. Mumeo anajua mlango wake. Mimi na wewe tungepita pale tukaona mabanda tu.

Sasa shemeji, sogea karibu.

Hela ya bati si yako peke yako. Hapo sina maneno mengi. Hela iliyowekwa na wawili inatolewa na wawili, hata kama ni ya kununua Msahafu au Biblia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ulinunua kitu ulichokuwa nacho mfukoni, ukaacha ulichokuwa unakihitaji. Nilimuuliza dada simu yako ni ya aina gani, akaniambia. Simu ile inatosha kabisa kwa picha. Usichokuwa nacho ni sauti. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo, anavumilia mkono unaotetemeka, anaweza hata kuona ndiyo staili. Mzee akiongea jambo la maana halafu linasikika kama anaongelea ndani ya pipa, na bodaboda inapita juu yake, mtazamaji anaondoka. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola ndiyo ingekuwa ya kwanza. Ya pili ni mahali pa kuhifadhi. Saa moja ya video ya 4K kwenye simu inakula kama gigabaiti 10 hadi 20, kutegemea ulivyoipanga. Jumapili 20, saa 3 kila Jumapili, ni saa 60, yaani gigabaiti 600 hadi 1,200. Na kila kitu kikae kwenye diski mbili, moja isikae nyumba moja na mwenzake, maana mwizi akiingia anabeba kompyuta na diski iliyo pembeni yake. Programu ya kukatia ipo ya bure. DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa na watu wamemalizia filamu nzima humo.

Kamera ingeweza kusubiri mwaka. Bati zisingesubiri masika.

Na hapa kuna stori moja ambayo wapenda filamu wanapenda kuisimulia nusu. Jonathan Caouette, Mmarekani, alikusanya video alizojirekodi tangu akiwa na miaka 11, picha za familia na mesiji za simu ya nyumbani, akazikata kwa programu ya iMovie kwenye kompyuta yake, akapata Tarnation, filamu kuhusu yeye na mama yake aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola 218 na senti 32. Mwaka 2004 ikaonyeshwa Cannes. Watu huishia hapo, wanapiga makofi, wanakwenda kuwaambia wake na waume zao kwamba filamu haina gharama. Nusu ya pili ni kwamba ilipotaka kuingia kwenye majumba ya sinema, nyimbo na vipande vya kazi za watu alivyovitumia vilibidi vilipiwe, na bili ikapanda hadi kama dola 400,000. Kwa hiyo shemeji, ule wimbo wa taarabu uliouweka chini ya njiwa wanaporuka (nimeambiwa ni mzuri sana), una mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, si mpya. Tafuta kijana mwenye gitaa au zumari akupigie kitu chako, muandikiane.

Lakini hata muziki si gharama yenyewe. Gharama yenyewe ni muda, na muda huo mwenye filamu halipi peke yake. Wale waliotengeneza Hoop Dreams, kuhusu vijana wawili wa Chicago waliotaka kuwa nyota wa mpira wa kikapu, walianza wakidhani ni kipindi cha dakika 30. Wakarekodi kwa miaka 5, saa kama 250. Ilipotoka mwaka 1994 ilikuwa na karibu saa 3. Watazamaji tunashukuru. Mimi huwa najiuliza tu, kwenye miaka ile 5, nani alikuwa anawapeleka watoto kliniki?

Ndiyo maana nilimwomba dada anipe namba ya mumewe, akamuuliza, akakubali. Ni kijana mstaarabu, aliongea nami dakika 40 na hakumsema mkewe hata mara moja. Nikamuuliza, "Shemeji, filamu yako inahusu nini?" Akajibu, "Njiwa." Nikamwambia hapana, njiwa ndiyo wanaoonekana, inahusu nini? Kimya. Halafu akaanza kunieleza habari ya mzee mmoja pale kijiweni. Nabadilisha kidogo ili asijulikane. Mzee ana njiwa wengi, amekaa nyumba ile tangu ujana wake. Watoto wanataka nyumba iuzwe wagawane, wao wamchukue akakae kwa mmoja wao, mbali na hapo. Mzee hakatai kuhama. Tatizo lake ni njiwa. Njiwa mkubwa aliyezoea banda ukimhamisha na kumfungulia anarudi alikotoka, hata kama banda limebomolewa. Atatua pale juu ya paa la mtu mwingine na kuzunguka. Mzee anasema hataki kuwachinja, hataki kuwauza, na hawezi kuwafungia maisha yao yote. Nyumba inatakiwa kuachwa wazi mwisho wa mwezi wa saba.

Nikamwambia, "Shemeji, mkeo anakuuliza inaisha lini. Si umeshajua?"

Akacheka. Kumbe hakuwahi kuihesabu hivyo. Alikuwa anarekodi kila njiwa na kila mfugaji, kila Jumapili, akisubiri filamu ijitokeze yenyewe. Filamu ipo kwa mzee yule, ina mwanzo, na ina siku ya mwisho: Jumapili ya kwanza baada ya kuhama, njiwa wanapofunguliwa. Baada ya hapo ni kukata tu. Waliobaki kijiweni ni mashahidi na wachekeshaji, wanahitaji Jumapili moja moja.

Jambo hili nalisisitiza kwa wote mnaotengeneza hizi filamu za mapenzi yenu, kwa sababu ndilo linaloamua kama nyumba itavumilia. Mwenzi wako anaweza kusubiri kitu chenye mwisho. Wengi wetu tulisubiriwa tukimaliza digrii ya pili, tukasubiriwa tukijenga. Kinachochosha ni kuambiwa haiendeshwi kama daladala.

Kuna filamu mbili nawashauri muangalie pamoja, kwenye kochi moja, kabla hamjaongea. Ya kwanza ni Sherman's March ya Ross McElwee, ya mwaka 1986. Huyu bwana alipata fedha za kutengeneza makala ya historia, kuhusu jenerali Sherman wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kabla hajaanza, mpenzi wake akamwacha. Akaenda hivyohivyo kusini mwa nchi na kamera begani, na badala ya jenerali akawa anawarekodi wanawake anaokutana nao, akitafuta mapenzi kupitia kioo cha kamera. Inachekesha sana na inasikitisha. Kuna mahali rafiki yake, mwalimu wake wa zamani, anamgombeza aweke chini hiyo kamera aishi kama watu. Haiweki. Ukimaliza kuiangalia muulize mwenzi wako, "Mimi huwa nafanya hivi?" Halafu kaa kimya usikie.

Ya pili ni ya jirani zetu, Softie, ya Sam Soko, iliyotoka 2020 na kupata tuzo ya uhariri pale Sundance. Inamfuata mwanaharakati wa Kenya, Boniface Mwangi, anavyoingia kwenye siasa na kugombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, na mkewe Njeri anavyobaki na watoto katikati ya vitisho mpaka inabidi waondoke nchini kwa muda. Aligombea, akashindwa. Lakini mjadala unaobaki sebuleni kwako ni ule wa wawili hawa: nchi kwanza au familia kwanza? Badilisha neno "nchi" uweke "njiwa", uone kama hautacheka, halafu uone kama hautaacha kucheka.

Na wapo wanaoweza. Maia Lekow, mwanamuziki wa Kenya, na mumewe Christopher King wanatengeneza filamu pamoja kama mke na mume. The Letter, iliyoanza kuonyeshwa 2019, inahusu bibi wa zaidi ya miaka 90 huko pwani ya Kenya anayetuhumiwa uchawi na watu wa familia yake, na nyuma ya uchawi kuna suala la ardhi. Iliwachukua miaka. Maia pia alishughulikia muziki. Kenya iliipeleka kugombea nafasi ya Oscar. Mwaka 2025 wakatoa nyingine, How to Build a Library, kuhusu wanawake wawili wanaofufua maktaba ya McMillan, Nairobi. Sisemi kila mke ashike maiki. Wengine tukifanya kazi na waume zetu siku mbili tutaitisha kikao cha ukoo. Ninachosema ni kwamba filamu inaweza kuwa ya nyumba nzima bila wote kuwa na kamera, mradi mwenzako ajue mzee wa njiwa anaitwa nani na wiki hii amesema nini.

Dada, hapo na wewe nina neno. Nilikuuliza kama umewahi kwenda kijiweni, ukanijibu utakwenda kufanya nini kwenye mavi ya ndege. Nenda Jumapili moja. Usiende kukagua, nenda ukakae kwenye benchi, unywe kahawa na kashata, umsalimie mzee. Halafu rudi nyumbani useme unavyojisikia, hata kama bado unajisikia vibaya. Utakuwa unagombana na kitu unachokijua.

Na mkikaa kuongea, ongeeni kama watu wa hesabu, si unajua ndoa ina mhasibu humo? Hela ya bati irudi, kwa mwezi kiasi gani na kutoka wapi. Kama ni kwa kuiuza hiyo kamera, iuzwe, simu ipo. Jumapili ngapi mpaka mwisho wa mwezi wa saba, na zipi haziguswi. Usiku wa kukata uwe na saa ya kufunga kompyuta. Andikeni kwenye karatasi mbandike kwenye friji. Najua inaonekana kama ukali, lakini mtengenezaji aliyebanwa na tarehe anakata vizuri zaidi. Anayejua ana Jumapili 6 harekodi tena njiwa wanaokula mtama.

Sasa twende kwa yule ambaye hayumo kwenye ndoa hii na ndiye mwenye filamu: mzee.

Mzee anaongea mbele ya kamera kwa sababu anamwamini kijana. Amemwona Jumapili nyingi, amemlisha, anamwita mwanangu. Siku moja atasema jambo kuhusu watoto wake, kwa uchungu, ambalo asingelisema mbele yao. Kamera ikiwa inafanya kazi, jambo lile limeshahifadhiwa kwenye diski mbili. Utalitumia? Ni kipande kizuri, pengine ndicho kizuri kuliko vyote. Na watoto wale watakuja kukiona, pamoja na majirani.

Mwaka 1990 Jennie Livingston alitoa Paris Is Burning, kuhusu mashindano ya mavazi na dansi ya Harlem, New York, ya watu weusi na Walatino, wengi wao mashoga na waliobadili jinsia, na wengi wao hawana kitu. Filamu ilisifiwa kila mahali, ikaingiza mamilioni ya dola kwenye majumba ya sinema. Baadhi ya waliorekodiwa wakaja juu kudai chao. Walikuwa wameshasaini fomu za kukubali, kwa hiyo kisheria hawakuwa na pa kushika. Mwishowe zikagawanywa takriban dola 55,000 kwa watu 13. Fomu ilimlinda mtengenezaji, lakini kinyongo kilibaki, na mpaka leo huwezi kuisoma habari ya filamu ile bila kukikuta.

Fomu lazima iwepo, nisieleweke vibaya, na iwe ya Kiswahili ambacho mzee anakielewa, isomwe kwa sauti kama hana miwani. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu na sauti yake si vitu vya kuchezea. Bodi ya Filamu nayo ina vibali vyake chini ya sheria ya mwaka 1976 na marekebisho yake. Ukapige hodi kabla, usingoje kuulizwa. Ukirekodi watoto wa kijiweni, mtafute mzazi. Lakini juu ya fomu kuna mambo matatu nilimwambia shemeji, na aliyapokea kwa uzito tofauti. Moja, amwambie mzee sasa hivi filamu itaonyeshwa wapi, na kama kuna hela ikija itakuwaje. Hilo alisema sawa. Pili, amwonyeshe kila kipande anachosema kuhusu watoto wake kabla mtu mwingine hajakiona, na mzee akisema toa, kinatoka. Hapo alisita. Akaniambia, "Dada, kuna kimoja nikikitoa filamu haisimami." Nikamjibu basi itakaa. Tatu, aende kwa watoto na kamera ikiwa imezimwa, awasikilize na wao. Kila mtu anayeuza nyumba ya baba yake ana sababu, nyingine ni ada za shule. Filamu inayowafanya wao mashetani na mzee malaika ni rahisi kutengeneza, na mzee ndiye atakayekwenda kuishi nao baada ya kamera kuondoka.

Kuhusu hilo la pili hatukukubaliana. Alisema atafikiria. Namheshimu kwa kutonidanganya.

Swali la mwisho la dada lilikuwa kama filamu ya namna hii italeta hela. Kwa kawaida hapana, na anayekuahidi vinginevyo anataka kukuuzia kozi. Kuna matamasha, ZIFF ya Zanzibar ikiwa ya karibu zaidi na ya siku nyingi. Kuna Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu Judy Kibinge, inayosaidia dokumentari za Afrika Mashariki. Ombeni, kwa nini msiombe. Ila onyesho la kwanza msilipeleke kote huko. Lifanyike kijiweni kwenyewe, usiku, shuka jeupe ukutani, projekta ya kukodi, spika ya mtu anayepiga muziki wa harusi. Wafuga njiwa watabishana na kila kitu, watasema yule si dume ni jike, watapiga kelele sehemu usizotegemea na kunyamaza sehemu ulizodhani watacheka. Chukua daftari uandike. Hao ndio watazamaji pekee wanaojua kama umedanganya.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna projekti ya namna hii, ya kwako au ya mwenzako, niandikie. Niambie inahusu nini, imekula Jumapili ngapi, na nani anapika siku hizo. Barua zitakazochekesha nitazichapa, bila majina, kama kawaida yetu.